Ua lisilo na jina sebuleni mwako

MTOTO wa mwaka mmoja na miezi minne aliletwa kwenye kliniki yangu Jumamosi moja asubuhi akiwa mikononi mwa nyanya yake. Mate yalikuwa yakimchuruzika hadi kifuani. Midomo ilikuwa imevimba, ulimi umejaa kinywani, na kilio chake kilikuwa kimekwaruza kama sauti ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha. Nyuma yao alikuja mama mtu, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Ameuma ua, daktari," nyanya akasema.

"Ua gani, nyanya?"

"Lile la sebuleni. Lina majani makubwa yenye madoadoa."

"Linaitwaje?"

Ajuza yule alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la kiti. "Ua ni ua tu, mwanangu. Tulilinunua kando ya barabara."

Kwa muda wa nusu saa hivi nilimtibu mtoto huyo kama mtu anayetafuta sindano gizani. Nilimpima mapigo ya moyo, nikamwangalia mboni za macho, nikasikiliza pumzi zake. Juu ya yote nikaambiwa kwamba tayari alikuwa amenyweshwa kikombe cha maji ya chumvi ili atapike. Nilimwomba mjomba wa mtoto arudi nyumbani akaniletee jani moja la mmea huo. Alirejea kwa bodaboda akiwa amekumbatia chungu kizima, udongo na yote.

Hapo nilijua ninapambana na nani. Lakini pia nilipata aibu ambayo sijawahi kuiandika mahali popote hadi leo. Kijana yule alipokitua chungu chake katika chumba changu cha kungojea, alikitua karibu na chungu kingine chenye mmea uleule. Kilikuwa changu. Kilikuwa kimekaa hapo kwa miaka mitatu, kati ya viti ambapo watoto hucheza wakisubiri kuitwa. Nilikuwa nikikimwagilia maji kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwa nimewahi kuuliza kilikuwa na mmea gani.

Mtoto alipona. Tulimweka mpaka alasiri, akaanza kumeza maziwa baridi kidogo kidogo, na siku ya pili sauti yake ikaanza kurudi. Hata hivyo, kisa hicho kimenifanya nishike kalamu, kwani naamini nyumba nyingi katika miji yetu zina mmea wa namna hiyo, na wenye nyumba hawajui unaitwaje.

MGENI ASIYEULIZWA JINA

Mila zetu ziko wazi kuhusu wageni. Mtu akibisha hodi usiku, tutamkaribisha, lakini kabla hajalala tutakuwa tumejua jina lake, anakotoka na amekuja kwa nani. Mmea nao ni mgeni. Tunaulipia, tunaubeba kwenye gari au matatu, tunauweka karibu na televisheni, na kuuliza tunauliza jambo moja tu: "Unataka maji mara ngapi kwa wiki?"

Mimea mingi ya majani mapana tunayoiweka sebuleni na kwenye veranda ni wageni kwelikweli. Ule aliouma mtoto yule huitwa Dieffenbachia. Asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na ya Kusini pamoja na visiwa vya Karibi. Monstera, yule mwenye majani makubwa yaliyotobokatoboka, ametoka kusini mwa Meksiko na nchi jirani. Poto, mmea unaotambaa ukutani na ambao baadhi ya watu huamini kwamba huleta fedha nyumbani, asili yake ni visiwa vya Pasifiki.

Si ajabu kwamba mimea hii imezoea sebule zetu. Kwao huishi chini ya miti mirefu mahali ambapo jua halifiki vizuri. Jani pana huusaidia mmea kukusanya ule mwanga kidogo unaopenya. Ndiyo sababu unastawi pembeni mwa kochi ilhali sukumawiki ingenyauka hapo kwa wiki moja.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Nyanya yule aliyeniambia kwamba ua ni ua tu si mjinga wa mimea. Nilizungumza naye baadaye tukiwa tumetulia, nikagundua kwamba anajua mimea ya kwao kuliko mimi niliyesomea udaktari. Anajua kwamba utomvu wa mnyaa usikaribie jicho. Anajua kwamba mbegu za mbarika hazichezewi na watoto. Anajua ni mboga ipi ya porini huchemshwa mara mbili na maji ya kwanza yakamwagwa. Elimu hiyo alirithi kwa mama yake, naye mama yake akairithi kwa wake.

Lakini hakuna aliyemrithisha elimu ya mmea wa Amerika ya Kusini. Mmea ulisafiri, elimu yake ikaachwa nyuma. Huko ulikotoka watu waliujua vyema, tena kwa njia ya kusikitisha. Maandishi ya zamani kuhusu visiwa vya Karibi yanasimulia jinsi mabwana walivyowaadhibu watumwa kwa kuwatafunisha shina lake mpaka ulimi ukavimba na sauti ikapotea. Kwa Kiingereza jina lake la mitaani lina maana ya mua wa bubu. Jina la kitaalamu lilitokana na Joseph Dieffenbach, mtunza bustani wa kasri la Schönbrunn mjini Vienna katika karne ya 19. Mtunza bustani wa Vienna anakumbukwa kwa jina la mmea huo, ilhali sisi tunaolala nao nyumba moja hatulijui.

SINDANO ZISIZOONEKANA

Hebu tuone mmea huu hufanya nini kinywani. Ndani ya majani na shina lake mna vijifuko vidogo mno vilivyojaa fuwele za kalsiamu oksaleti. Fuwele hizo zimechongoka pande zote mbili kama sindano, nazo zimefungwa pamoja kama kuni kwenye mzigo. Mtoto anapotafuna, vijifuko hupasuka na sindano hizo hurushwa nje kwa nguvu, zikachoma ulimi, ufizi, midomo na koo. Utomvu wa mmea nao hupenya kwenye vijeraha hivyo na kuzidisha mwasho. Mtoto huhisi kana kwamba ameweka kaa la moto mdomoni. Hulia, hutokwa na mate mengi, na mahali palipochomwa huvimba.

Msomaji asidhani kwamba sindano hizi ni jambo la ajabu asilopata kulisikia. Kila mama aliyewahi kumenya nduma mbichi anazifahamu. Ule mwasho unaokushika vidoleni na kukufanya ujipake mafuta kabla ya kuanza kumenya hutokana na fuwele za aina hiyohiyo. Nduma, ambazo ndugu zetu wa Pwani huziita majimbi, ni za ukoo mmoja na Dieffenbachia, monstera, poto na filodendroni. Tofauti ni kwamba nduma tumeishi nazo kwa vizazi vingi, tukajifunza kuzimenya, kuzichemsha kwa muda mrefu mpaka ziive barabara, na kutozila mbichi. Ndugu zake wa sebuleni hatujawahi kujifunza chochote kuwahusu.

Ukoo huu una alama yake. Mmea wowote wa ukoo huu unapochanua, ua lake huwa kama kigunzi kidogo cha mhindi kilichosimama na kufunikwa kwa jani moja lililojikunja kama shuka. Wale wanaojua yale maua meupe ya mtoni yanayouzwa kwa ajili ya harusi na mazishi wanaifahamu alama hiyo. Nayo pia ni ya ukoo huo.

WOGA NAO SI DAWA

Kuna ujumbe ambao umekuwa ukizungushwa kwenye simu kwa miaka mingi ukisema kwamba mmea huu huua mtoto kwa dakika moja na mtu mzima kwa dakika kumi na tano. Wagonjwa wangu kadhaa wamenionyesha ujumbe huo, mikono ikitetemeka. Napenda kusema wazi kwamba si kweli.

Vifo vinavyotokana na mmea huu ni nadra mno. Mwaka wa 1991 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 188 waliokuwa wametafuna Dieffenbachia au filodendroni. Waliopatwa na dalili walikuwa wachache mno. Sababu yake ni nyepesi. Maumivu huanza papo hapo, kwa hivyo mtoto aghalabu hutema kabla hajameza. Mmea wenyewe humfukuza.

Hatari ya kweli iko mahali pamoja, nayo ni koo. Mtoto akiwa ametafuna kiasi kikubwa, uvimbe unaweza kushuka na kubana njia ya hewa. Hilo hutokea mara chache, lakini linapotokea halina subira. Mzazi hana budi kujua dalili zake, nami nitazieleza hapa chini.

Mbona basi ninapiga kelele ikiwa wengi hupona? Ninapiga kelele kwa sababu ya kile kinachofanywa na watu wenye woga wasiojua jina la mmea. Kikombe kile cha maji ya chumvi kilinitia wasiwasi kuliko jani lenyewe. Chumvi nyingi katika mwili wa mtoto mdogo yaweza kumletea kifafa na hata kifo, na kutapika kunazipitisha zile sindano kooni mara ya pili. Familia ile ilikuwa inampenda mtoto wao. Ilikosa habari tu.

MAJANI MAPANA SI YA UKOO MMOJA

Sababu ya pili ya kulipigania jina ni kwamba mimea yenye majani makubwa hufanana machoni, ila matendo yake mwilini ni tofauti kabisa. Mama akiniambia "ni ua la majani makubwa", ameniambia kitu sawa na kusema mwizi alikuwa amevaa shati.

Chukua ule mti mdogo wa bustani wenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, na unaonukia sana jioni. Wataalamu huuita Brugmansia, nao hupandwa sana katika maeneo yetu ya nyanda za juu. Majani yake ni makubwa na laini. Aliyeumeza hatokwi na mate hata kidogo. Kinyume chake, kinywa humkauka, uso huwa mwekundu na wa moto, mboni za macho hupanuka, moyo humwenda mbio, na huanza kuona vitu visivyokuwepo. Huyo anahitaji hospitali bila kuchelewa, na tiba yake si ile ya Dieffenbachia.

Mbarika, ambao wengine huuita mbono, una jani pana lililogawanyika kama vidole vya mkono. Siku hizi aina zake za majani mekundu hupandwa kama pambo. Hatari yake kubwa imo ndani ya mbegu, ambazo zina madoadoa na umbo la kupe. Hata jina lake la Kilatini, Ricinus, maana yake ni kupe. Mbegu iliyomezwa nzima yaweza kupita bila madhara, lakini ikitafunwa hutoa sumu kali. Na ubaya wake ni kwamba hauonekani mara moja. Mtoto huweza kucheza kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kutapika na kuhara, na wazazi hufikiri ni chakula cha mchana.

Ule mpira wa sebuleni wenye majani mazito yanayong'aa hutoa maziwa meupe ukiuvunja. Maziwa hayo huwasha ngozi na kuvuruga tumbo, lakini kwa kawaida hayana makuu. Maziwa ya mnyaa ni habari nyingine kabisa. Yakiingia jichoni yanaweza kuliumiza vibaya.

Wala ukubwa wa jani si kipimo cha sumu. Oleanda, kichaka cha maua ya waridi kinachopandwa kando ya barabara na mahotelini, kina majani membamba kama kisu, na huvuruga mapigo ya moyo kuliko mmea wowote nilioutaja.

Basi daktari akipewa jina, anajua kama amwache mtoto arudi nyumbani baada ya saa chache au amlaze usiku kucha akichunguzwa moyo. Asipopewa, atabahatisha. Atamlaza asiyestahili kulazwa, gharama ziwaumize wazazi bure, au atamruhusu kwenda yule ambaye angepaswa kubaki.

NAMNA YA KUUTAMBUA MMEA WAKO

Huna haja ya kuwa na shahada ili uutambue mmea wako. Tenga nusu saa Jumapili alasiri, chukua daftari, uzunguke nyumba yako na veranda yako. Kwa kila mmea andika mambo haya.

Kwanza, tazama jani. Je, lina umbo gani: la moyo, la mshale, la yai, au la vidole? Lina madoa, mistari au matundu? Geuza jani uone kikonyo kimeungana nalo wapi. Kwenye nduma kikonyo hushika mgongo wa jani, hatua chache kutoka ukingoni, na ncha ya jani huelekea chini. Kwenye aina nyingi za alokasia kubwa za mapambo, majani husimama na ncha yake huelekea juu.

Pili, tazama shina. Shina la Dieffenbachia ni nene, lina pingili kama mua, na majani hutoka juu yake yakiwa na madoa meupe au ya manjano katikati. Monstera, poto na filodendroni nyingi hutambaa au hupanda, na huteremsha mizizi kutoka kwenye shina lililo hewani.

Tatu, tazama utomvu, lakini vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Je, ni mweupe kama maziwa au ni kama maji? Usiuonje, wala usijishike machoni. Osha mikono kwa sabuni unapomaliza.

Nne, kama mmea umechanua, tazama ua. Hiyo ndiyo sehemu inayowasaidia wataalamu kuliko zote.

Ukishapata maelezo hayo, tafuta jina. Siku hizi kuna programu za simu ambazo hutazama picha na kukupa jina. Zinasaidia, nami huzitumia. Lakini hukosea, hasa picha inapokuwa ya jani moja tu, kwa hivyo zichukue kama ushahidi wa jirani na si hukumu ya mahakama. Linganisha jina ulilopewa na picha nyingine, umuulize pia mwenye bustani anayejua kazi yake.

Wenye shaka kubwa wanaweza kwenda Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ambako kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki. Hifadhi hiyo ilianzishwa Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka wa 1902 na ikahamishiwa Nairobi mwaka wa 1950. Watu wa huko kazi yao ni kutambua mimea. Usiwapelekee jani moja lililonyauka mfukoni. Kata kijitawi chenye majani na, ikiwezekana, ua au tunda. Kilaze kati ya kurasa za gazeti, uweke kitabu kizito juu yake, na uandike ulikoupata mmea, urefu wake na rangi ya ua kabla halijakauka. Hata gazeti hili unalolisoma litafaa kwa kazi hiyo, ila ukimaliza kulisoma.

Onyo moja kuhusu alama hizi. Zimekusudiwa kukusaidia kujua jina, si kukuambia ni nini cha kula. Usichimbe mmea wa pambo unaofanana na nduma ukauweka kwenye sufuria kwa sababu tu kikonyo chake kimeshika mgongo wa jani. Kula nduma zilizopandwa ziwe nduma.

MTOTO AKIUMA, FANYA HIVI

Tafadhali kata sehemu hii ya gazeti uibandike mlangoni mwa jikoni.

Kama mtoto ametafuna mmea wa ukoo wa nduma, mtoe vipande vilivyosalia kinywani kwa kidole na kitambaa safi kilicholowa maji. Kisha umpe maji baridi au maziwa baridi anywe kwa vidonge vidogo, mradi anaweza kumeza. Mwoshe uso na mikono.

Usimtapishe. Usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kupikia, mkojo, wala makaa yaliyosagwa. Usimpe dawa ya kienyeji ya kuondoa sumu.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: sauti imekwaruza au imepotea, anapumua kwa shida au kwa kukoroma, hawezi kumeza hata mate yake, uvimbe unaongezeka, au amelegea. Mkiwa njiani mketishe wima, usimlaze chali. Pia mpeleke bila kungoja dalili zozote ikiwa mmea ni Brugmansia, mbarika, oleanda, au ikiwa hujui ni mmea gani.

Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika kumi na tano, kisha uende hospitali. Nimewahi kumtibu mfanyakazi wa bustani aliyekata mmea huu akiwa ameinama chini yake. Wenzake walimtilia maziwa ya mama jichoni, wakamwambia asubiri hadi kesho. Alikuja siku ya pili akiwa hawezi kuvumilia mwangaza. Maji ya bomba yangemfaa zaidi, na hayakuwa mbali naye.

Mwisho, njoo na mmea. Jani moja na kipande cha shina kwenye mfuko vinatosha. Piga picha ya mmea mzima kwa simu. Mwambie daktari mtoto alikula sehemu gani, kiasi gani, na saa ngapi. Huhitaji kubeba chungu kwenye bodaboda.

WAUZAJI NAO WAWAJIBIKE

Nimesema mengi kuhusu wazazi, lakini si haki kuwatwika wao mzigo wote. Chupa ya dawa ya kunyunyizia wadudu haiuzwi bila karatasi inayoeleza jina lake na hatari zake. Mimea inayouzwa kandokando ya barabara zetu, na hata ile ya kwenye maduka makubwa, sijaona ikiwa na zaidi ya bei.

Simlaumu kijana anayeuza miche juani tangu asubuhi. Yeye mwenyewe alipewa kipande akakikuza, na jina halikuja na kipande hicho. Lakini kibao kidogo cha mti au kipande cha plastiki kilichochomekwa kwenye udongo hakigharimu sana. Maneno manne yatosha: jina la mmea, na "Usile. Weka mbali." Mnunuzi naye asikubali kupewa mmea usio na jina, kama vile asivyokubali dawa isiyo na jina kutoka kwa duka la dawa. Tukiuliza sote, wauzaji watatafuta jibu.

Nawasihi pia walimu wa shule za chekechea, wenye mahoteli, makanisa, na hasa wenzangu wa hospitali na zahanati. Sisi ndio tunaopenda kupamba kumbi za kungojea kwa mimea ya majani mapana, na sisi ndio tunaokusanya watoto wadogo wasio na la kufanya mahali pamoja. Nani atamfunza mzazi ikiwa daktari mwenyewe hajui kilicho kwenye chungu chake?

Sisemi tuitupe mimea. Nyumba yenye kijani kibichi hupendeza na hutuliza moyo, na mimi mwenyewe siwezi kuishi bila mimea. Chungu cha kliniki yangu hakikutupwa. Nilikihamishia kwenye rafu ya juu ofisini, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na nikakichomeka kibao chenye jina. Wagonjwa wengi hukisoma wakisubiri niandike dawa. Baadhi yao huniambia, "Kumbe ndilo jina lake? Hata sisi tuko nalo nyumbani."

Wiki chache zilizopita nyanya yule alirudi kupimwa presha. Aliniambia kwamba chungu chao sasa kiko juu ya kabati, na kwamba wajukuu wote wamefundishwa jina lake. Alijaribu kulitamka, ulimi ukamkwama, akacheka. "Jina lenyewe ni gumu, mwanangu," akasema, "kwa hivyo mimi namwita yule mgeni anayeuma."

Nilimwambia kwamba hilo linatosha kabisa.